Kilomita 53 za Serengeti: yanayosemwa na yaliyotokea

Mpango wa serikali ya Tanzania wa kujenga barabara ya Musoma hadi Arusha kupitia kaskazini mwa hifadhi ya Serengeti ukitajwa, watu hugawanyika papo hapo: hawa wanatetea nyumbu, wale wanataka lami. Pande zote mbili zimebeba mambo ambayo hayakuwa hivyo, na anayeumia ni mwananchi wa Mugumu na Loliondo, ambaye haja yake ya barabara ni ya kweli kabisa.

"Ilikuwa ikate hifadhi katikati, mahali pasipo na njia."

Katikati ni Seronera, na hapo njia ipo siku nyingi. Mabasi ya Arusha na Musoma hupita Ngorongoro, geti la Naabi na Seronera, na abiria hulipia geti. Njia iliyonadiwa wakati wa kampeni za 2010 ilikuwa nyingine: Makutano, Natta na Mugumu upande wa Mara, halafu Loliondo, Ziwa Natron na Mto wa Mbu upande wa Arusha. Kipande cha kilomita 53 kati ya pande hizo kinapita kaskazini mwa hifadhi.

Kwa nyumbu, kaskazini ndiko kubaya zaidi. Kundi lao la zaidi ya milioni moja huzalia nyanda za kusini mwanzoni mwa mwaka, na kiangazi kikikaza hukimbilia Mto Mara, mto pekee wa eneo hilo unaotiririka mwaka mzima. Ukiwakatia njia hapo umewakatia na maji.

"Ikibaki ya changarawe, haina madhara."

Dhana hii ndiyo iliyopotosha mjadala kuliko zote, maana hata watetezi wa wanyama waliikubali. Pendekezo la mwanzo lilikuwa la lami. Juni 2011 serikali iliiandikia Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwamba kipande cha ndani kitabaki changarawe, na magazeti yakashangilia neno hilo moja. Mimi naona uzito wa barua ile ulikuwa kwingine: njia ingeendelea kuwa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa ajili ya utalii na shughuli za hifadhi, kama ilivyokuwa. Maana yake geti linabaki, na mwenye geti ndiye anayeamua nani apite na saa ngapi.

Nyumbu hauawi na lami. Anauawa na lori linalopita usiku. Malori yakizidi, ajali huzidi. Ajali zikizidi, watu huanza kudai uzio. Wanasayansi 27 walioandika katika jarida la *Nature* mwaka 2010 walikuwa na hofu hiyo, na makadirio yao yalikuwa kwamba nyumbu wakizuiwa kufika Mara wanaweza kupungua kutoka milioni 1.3 hadi chini ya 300,000. Botswana walishayaona haya: nyua za kuzuia magonjwa ya mifugo Kalahari ziliwafungia nyumbu njia ya maji, na katika ukame wa miaka ya 1980 wakafa kwa maelfu.

Wala hatuna haja ya kwenda Botswana. Aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya amepita Mikumi, kama kilomita 50 za barabara kuu ndani ya hifadhi. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, kuna kibao kinachotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Wanyama bado wanagongwa, na Mikumi haina msafara wa nyumbu milioni.

"Wazungu ndio walioizuia."

Kelele nyingi zilitoka nje, hilo halina ubishi. Lakini aliyekwenda mahakamani ni ANAW, shirika la ustawi wa wanyama lenye makao Nairobi, na mahakama yenyewe ni ya Afrika Mashariki, iliyopo Arusha. Majirani walikuwa na hoja ya haki, maana nyumbu haohao huvuka mpaka kuingia Masai Mara.

"Mahakama ilipiga marufuku barabara yote."

Hukumu ya tarehe 20 Juni 2014 ilizuia lami ndani ya hifadhi. Haikugusa lami ya Mugumu wala ya Loliondo, na iliiachia serikali nafasi ya kubuni mipango mingine isiyodhuru mazingira.

"Basi mradi ulikufa."

Haukufa. Umejengwa vipande vipande kutoka pande mbili. Upande wa Mara lami ilianzia Makutano kuelekea Sanzate. Upande wa Loliondo ikawekwa kati ya Waso na Sale, kilomita 49. Waliokwenda Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, magari yakipanga foleni ya kilomita na kilomita kwenye vumbi na tope, wanajua kipande kama hicho kina maana gani kwa mama mjamzito wa Sale. Ni jambo la kufurahia bila kusitasita. Lakini lami ikikaribia mipaka ya hifadhi kutoka mashariki na magharibi, shinikizo la kufungua kile kipande cha kati litazidi kukua.

"Njia ya kusini ni ya kuwafurahisha wanyama tu."

Hapa napingana waziwazi na ndugu zangu wa lami. Njia ya kuzunguka kusini mwa hifadhi hutoka Karatu ikapita Mbulu, Haydom na Sibiti hadi Lalago na Maswa. Ni ndefu zaidi, lakini huko kuna vijiji, mashamba ya vitunguu, pamba na ng'ombe, na hospitali ya Haydom inayotegemewa na watu wa mikoa kadhaa. Kwa miaka mingi kikwazo kikubwa kilikuwa Mto Sibiti, ambao masika ukifurika ulikuwa ukitenganisha Singida na Simiyu. Sasa una daraja, na malori yanavuka.