Pawalaini haichomekwi kwenye ekstensheni

"Si soketi ni soketi tu?" Hapana. Pawalaini ni jozi ya adapta zinazopitisha intaneti kwenye waya za umeme za nyumba, na adapta nzima kabisa zinarudishwa dukani kama feki kwa sababu ya swali hili.

Umeme wa nyumbani ni wa hezi 50. Adapta inapitisha data kwenye waya huohuo kwa megahezi 2 kwenda juu. Sasa, ndani ya ekstensheni yenye kinga, na ndani ya gadi nyingi za TV na friji, mna kapasita na koili zilizowekwa makusudi kumeza masafa ya juu. Kwao data yako ni takataka. Taa ya umeme inawaka, ya mtandao inagoma, lawama anabebeshwa muuzaji. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo ni hivyohivyo. Ekstensheni isiyo na kinga ina balaa lake: chaja za bei poa zilizopangwa humo hutia kelele kwenye masafa yaleyale.

Adapta ya kwanza ichomeke ukutani karibu na ruta, ya pili ukutani kule mbali. Soketi hazitoshi? Nunua adapta yenye soketi usoni, ekstensheni ichomekwe kwenye adapta, si adapta kwenye ekstensheni. Soketi ile ina kichujio kinachozuia kelele za chaja.

Zioanishe, yaani zitambuane, kwanza chumba kimoja: bonyeza kitufe cha kuoanisha cha moja, kisha cha nyingine ndani ya dakika 2. Zikikubali hapo halafu zikagoma chumba cha mbali, angalia waya za nyumba. Kwenye umeme wa njia tatu, huenda soketi hizo ziko fezi tofauti, yaani kwenye njia tofauti kati ya hizo tatu. Banda la uani lenye mita yake? Usihangaike, vuta kebo.

"Imeandikwa 600, nitapata 600." Hizo megabiti 600 kwa sekunde ni jumla ya kwenda na kurudi, tena katika hali ambayo nyumba yako haina. Adapta nyingi za 600 zina tundu la kebo la megabiti 100 tu! Za 1200 na kuendelea kwa kawaida hutumia na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini; nyumba isiyo na ethi, faida hiyo huipati.

"Inaongeza kasi." Kifurushi cha megabiti 10 kitabaki 10.

"Inamaliza umeme." Wati 3 usiku na mchana ni kama uniti 2 kwa mwezi kwa kila adapta.

"Jirani hawezi kuingia." Data inafungwa kwa AES ya biti 128, njia ya kuificha kwa msimbo, sawa, lakini adapta za HomePlug AV, aina moja ya pawalaini, zisipooanishwa hubaki na nenosiri la kiwandani, HomePlugAV, na jirani mnayechangia mita anaweza kuwa nalo hilohilo. Kile kitufe ndicho kinacholibadilisha.