Siyo uvivu, siyo kutojua hesabu: uongo tunaopeana tukitengeneza apu za pesa

Dhana ya kwanza ndo inaniudhi kuliko zote: eti mtu wa ADHD (hali ya ubongo inayofanya kutulia, kukumbuka na kupanga mambo kuwe kugumu) hana nidhamu ya pesa, afundishwe bajeti yataisha. Jamani. Mtu anajua bili ni tarehe 5, pesa anayo, na bado tarehe 12 anakula faini, kwa sababu kwake kitu kisichokuwa mbele ya macho ni kama hakipo kabisa. Shida iko kwenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (ile ya kushika jambo kichwani wakati unalifanya) na kuhisi muda unavyokwenda, bajeti anaijua vizuri tu. Wenyewe (na mimi nimo) tunaita kodi ya ADHD: faini, usajili uliosahau kuufuta, chaja umenunua ya pili wakati ya kwanza iko kwenye begi. Sasa ukimpa huyu jedwali la kujaza kila jioni umemwongezea kitu kingine cha kusahau.

"Basi tumtumie notifikesheni nyingi." Hapana, hizo atazitelezesha pembeni akiwa kazini na habari imeishia hapo. Inayosaidia ni moja yenye kitufe cha kulipa palepale na kingine cha "nikumbushe jioni", au bora zaidi bili ijikate yenyewe siku mshahara unapoingia, kabla hajauzoea.

Kuna wanaosema namba ni namba, weka grafu mtu ataelewa. Diskalkulia, yaani ugumu wa kuelewa namba, inakadiriwa kugusa kama asilimia 3 hadi 7 ya watu, na mwenye nayo 1,540 na 1,450 zinaweza kumpita kama ni kitu kimoja, yaani ukubwa wa namba hausikii kichwani. Grafu ya duara yenye rangi nane haimwambii kitu. Mwandikie hivi pale juu kabisa: "Ukitoa bili zote umebaki na 70 mpaka Ijumaa, yaani 10 kwa siku." Hesabu ifanye apu, si ndo kazi yake?

Kwenye usalama nako, utasikia ukirahisisha kuingia wezi watafurahi. Angalia kinachotokea: mtu mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) anapokea namba sita kwa meseji, anatoka kwenye apu kuzisoma, akirudi 684 imegeuka 648, anarudia, mara ya tatu akaunti imefungwa, na kosa lenyewe ni kwamba apu imekataza kupesti. Muongozo wa WCAG 2.2 (wa kimataifa, wa kufanya tovuti na apu zitumike na watu wenye ulemavu) uliotoka Oktoba 2023 unasema kuingia kusitegemee kukumbuka nywila au kunakili namba kwa mkono kama hakuna njia nyingine, kwahiyo ruhusu kupesti, ruhusu kitunza nywila, weka alama ya kidole. Mwizi hapati faida yoyote hapo. Na kama lazima umtoe mtu baada ya muda, muonye kwanza, umpe angalau sekunde 20 za kugusa "bado nipo".

Alafu hii ya kila kitu kiwe haraka, bofya mara moja kwisha. Haraka kwa nani? Kulipa bili sawa, iwe haraka. Kukopa, au kununua saa nane usiku wakati msukumo umepanda, hapo weka breki: onyesha jumla atakayorudisha, muulize tena, mwachie nafasi ya kughairi. Mambo ya pesa yawe yanaweza kughairiwa, kukaguliwa au kuthibitishwa, hilo limo kwenye WCAG tangu 2008, sijui kwanini tunalichukulia kama wazo jipya.

Ya mwisho, apu ichangamke. Vikaratasi vinarushwa kwenye skrini, milio, vitufe vinahama kila apdeti, na kwa wengi wenye usonji huo ni usumbufu mtupu. Kibaya zaidi ni utani kwenye kosa: "Lo, mambo yameharibika kidogo!" Mambo gani? Pesa imetoka au haijatoka? Andika "Pesa haijatoka. Mtandao umekatika. Jaribu tena."