“Niliagizwa Tu”: Dhana Potofu Kuhusu Uwajibikaji wa Polisi Nchini Kenya

Dhana iliyozoeleka, hata miongoni mwa askari wenyewe, ni kwamba afande aliyefyatua risasi kwa amri ya mkubwa wake hana la kujibu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linasema kinyume: kutii amri si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Jedwali hilo linamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu, na akilazimika kutumia nguvu, zilingane na hatari iliyopo. Akimjeruhi mtu, apatiwe matibabu mara moja na jamaa zake wajulishwe. Kwa hiyo kurutu wa chuo cha polisi cha Kiganjo aliyefundishwa utiifu wa gwaride pekee amefundishwa nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo naiona ngumu zaidi, ni kuipima amri katikati ya moshi na mawe, wakati aliyeitoa amesimama nyuma yake.

Wapo wanaodai kwamba mageuzi haya ya polisi ni matakwa ya wafadhili wa kigeni. Lakini chimbuko lake ni hapa nchini. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, 405 kati yao kwa risasi. Ndipo Kifungu cha 244 cha Katiba ya 2010 kikaagiza polisi wafunzwe umahiri, uadilifu na kuheshimu haki za binadamu.

Wengi pia hudhani kwamba mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, inaweza kumfunga askari. Kazi yake ni kuchunguza na kupendekeza. Anayeamua kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Tena, kifo kikitokea mikononi mwa polisi, anayepaswa kuiarifu IPOA ni mkubwa wa askari huyohuyo, na hapo ndipo mfumo unapolegea.

Si kweli, hata hivyo, kwamba polisi hawafungwi kamwe. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao waliuawa Juni 2016. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na Februari 2023 mmoja wa maafisa hao akahukumiwa kifo. Mteja huyo, mwendesha bodaboda, alikuwa amepeleka malalamiko IPOA dhidi ya afande aliyempiga risasi.