Je, Wajua Kwa Nini Samaki wa Mezani Hufa Maji Yakiwa Bado Maangavu?

Bakuli la kioo, changarawe za rangi na samaki mmoja wa dhahabu, vyote vimepangwa kando ya kompyuta. Siku ya kwanza kila anayepita anainama kumtazama. Wiki ya pili samaki anashinda juu ya maji, mdomo ukifunguka na kufumba, mapezi ameyabana ubavuni. Wiki ya tatu amekufa. Mwenye bakuli anabaki na swali: maji yalikuwa maangavu mpaka siku ya mwisho na chakula alipewa kila asubuhi, sasa kilichomuua ni nini?

Kilichomuua ni amonia, na ilitoka mwilini mwake mwenyewe. Samaki akila protini, sehemu kubwa ya taka zake haitoki na mkojo kama kwetu. Inatoka kama amonia kupitia matamvua, zile nyuzi nyekundu zilizo chini ya kifuniko cha shavu ambazo ndizo pia anazopumulia. Amonia haina rangi, na kile kiasi kidogo kinachotosha kumuua samaki hakisikiki puani. Mtoni haimdhuru kwa sababu maji ni mengi na yanakwenda. Ndani ya bakuli la lita tano haina pa kwenda, basi inarudi kuunguza matamvua yaleyale yaliyoitoa. Chakula kilichozama na kuozea chini kinaongeza nyingine juu yake.

Mnamo 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi alivyofuga samaki wawili wa dhahabu ndani ya chombo cha kioo chenye mmea wa majini. Majani yaliyooza yalimchafulia maji, akaongeza konokono wa kuyala, na maji yakatulia. Wengi tangu hapo wameamini kwamba mimea na konokono vinatosha. Lakini kulikuwa na wafanyakazi wengine ambao sayansi ilikuwa bado haijawajua. Ilipofika 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky ndipo alipofanikiwa kuwatenga bakteria wanaobadilisha amonia. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: ikiingia kwenye damu ya samaki inaizuia kubeba oksijeni, damu inageuka rangi ya udongo, na samaki anatweta ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Hii ni pole zaidi, mimea huitumia kama mbolea, na inayobaki unaiondoa ukibadilisha maji.

Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wanajishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe, kwenye kuta za kioo, na huchukua kama wiki nne hadi sita kuwa wengi wa kutosha. Sasa rudi kwenye kalenda ya yule samaki wa bakuli. Alikufa wiki ya tatu, wakati sumu imeshapanda na bakteria hawajafika idadi ya kuiondoa. Kosa lilifanyika kabla hajaingia majini.

Kwa hiyo unapochagua samaki wa mezani, usiulize kwanza nani ni mgumu wa kufa. Uliza nani atatoa uchafu kidogo, na nani anaweza kuvumilia maji machache bila kuteseka. Kwa kipimo hicho samaki wa dhahabu, ambaye ndiye watu humkimbilia, anaanguka mapema kabisa. Ni wa jamii ya kapi, anakula siku nzima na uchafu wake ni mwingi. Aina za kawaida hupita sentimita 20, na akitunzwa vizuri huishi miaka mingi. Mmoja aliyeitwa Tish, huko Uingereza, alifikisha miaka 43. Samaki wa namna hiyo anahitaji tangi kubwa au bwawa. Kumweka kwenye bakuli ni kumkatia maisha, na naomba sana uiache desturi hiyo.

Chaguo langu ni beta, samaki mdogo wa mapezi marefu: mmoja, dume au jike, peke yake, ndani ya lita 20. Asili yake ni Thailand na maeneo jirani, kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga ambako maji yametuama, yana joto na oksijeni haba. Huko amejaliwa kiungo cha pekee juu ya matamvua, chumba kidogo chenye mikunjo mingi iliyojaa mishipa ya damu. Mtazame dakika chache utamwona akikitumia: anapanda taratibu, anagusa uso wa maji kwa mdomo, anameza funda la hewa, anashuka, na kiputo kimoja kinatoka nyuma ya shavu. Asipoweza kufika juu, anaweza kufa kwa kukosa hewa hata kama maji yana oksijeni. Dume akiridhika na mahali hupuliza mapovu madogo na kuyakusanya pembeni kama sahani nyeupe. Hicho ni kiota chake, anakijenga hata bila jike.

Hapa ndipo watu wengi wazuri hukosea. Wakisikia anapumua hewa ya juu, wanamtia kwenye glasi au chombo cha maua, wakiambiwa atakula mizizi. Beta hali mizizi. Ni mla wadudu na viluwiluwi vya mbu. Na ile hewa anayomeza inamsaidia kwa oksijeni tu. Amonia haiondoi. Ndani ya glasi anaishi kwa muda mrefu kuliko samaki wengine, ndiyo, lakini mapezi yanaoza kingoni, rangi inafifia, na siku nyingi analala chini bila kusogea. Mtu anasema ametulia, kumbe anaumwa.

Kwa nini lita 20 na si tano? Kiasi kilekile cha amonia kikiingia kwenye lita 20 ukali wake ni robo ya ule wa lita tano. Joto nalo hupanda na kushuka polepole zaidi. Ndiyo maana tangi dogo sana lina kazi nyingi kuliko la wastani, kinyume na wanavyodhani wanaonunua dogo ili wapumzike. Ila pima meza yako kwanza: lita 20 za maji ni kilo 20, na ukijumlisha kioo na changarawe zinapita 25. Liweke mbali na dirisha, maana jua litaleta mwani na kuyapasha maji, na mbali na nyaya za kompyuta. Mfuniko ni lazima. Beta huruka.

Anapenda maji ya nyuzijoto 24 hadi 28. Kiyoyozi cha ofisi kinaweza kuyashusha chini ya hapo, akawa mzito na kukataa chakula, hivyo nunua hita ndogo inayojizima yenyewe, pamoja na kipimajoto. Chujio la sponji linalosukumwa na pampu ndogo ya hewa linamfaa kuliko chujio lenye mkondo mkali, kwa sababu yale mapezi marefu yanamchosha akipambana na maji. Mimea miwili inayovumilia taa hafifu ni anubiasi na jimbi la Java. Ifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi, usiizike shina lake kwenye changarawe, litaoza.

Wengine nitawapitia kwa haraka. Gapi ni wazuri na wepesi kulisha, ila jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, tena anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi na kuzaa bila kukutana naye tena. Ukiwataka, chukua madume matupu. Tetra wadogo wa rangi ya makaa ya moto, Hyphessobrycon amandae, wana sentimita mbili tu lakini huogopa wakiwa wachache, hivyo wape wenzao wanane na lita 40. Kama ofisi yako ni ya baridi na hutaki hita, kundi la samaki wadogo waitwao Tanichthys albonubes kutoka kusini mwa China litafurahia nyuzijoto 18 hadi 22, nao pia wanataka lita 40. Na kama huna haja ya samaki hasa, kundi la uduvi wekundu wa maji yasiyo na chumvi litakupa kitu cha kutazama siku nzima kwa uchafu kidogo sana. Usiwachanganye na beta, anaweza kuwala.

Kabla ya samaki, washa chujio na hita, na kila siku mbili dondosha chembe chache za chakula zioze. Pima kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda, kisha nitriti, kisha zote mbili zitashuka hadi sifuri huku nitrati ikionekana. Siku hiyo tangi liko tayari. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mtu mwenye samaki wenye afya, muda unafupika sana. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza, na kila wiki badilisha robo ya maji. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa humohumo tangini. Ukiiosha bombani, klorini inaua wale bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Ofisi ikizima umeme wote Ijumaa jioni, hakikisha soketi ya tangi imeachwa, kwani bakteria nao wanahitaji oksijeni.

Chakula, punje mbili tatu asubuhi. Siku mbili za mwisho wa wiki bila kula hazimdhuru samaki mzima mwenye afya. Ukienda likizo, funga punje za kila siku kwenye karatasi, mkabidhi mwenzako mmoja, na uwaambie wengine waziwazi wasimlishe, maana watu watano wakimhurumia kwa siku moja maji yanaharibika.

Beta huishi kama miaka miwili hadi minne, na huuzwa akiwa ameshakua. Siku atakapokufa, usimwage maji wala kuzima chujio kama unataka mwingine. Endelea kudondosha chembe ya chakula kila baada ya siku mbili. Bakteria kwenye ile sponji bado wanahitaji kula.