Msimpeleke Mgonjwa India kwa Viza ya Utalii: Maswali Ninayoulizwa Wodini Mbeya

Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu (dialisisi) hapa Mbeya, mji unaopokea rufaa za Nyanda za Juu Kusini nzima, kuanzia Iringa na Njombe mpaka Rukwa na Katavi. Mpunga wa Kyela ukishauzwa, mbao za Mafinga zikishapata mteja, familia zinanijia na neno moja: "Sista, fedha imepatikana, tunampeleka mgonjwa India." Naomba nione pasipoti. Natazama viza. Ni ya utalii. Nimeliona jambo hili mara nyingi mno, na kila mara anayelipa ni mgonjwa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, na majibu ninayotoa.

Viza ya matibabu ni nini?

Ni ruhusa ya kuingia nchi ya watu kwa sababu moja iliyotajwa wazi, yaani kutibiwa. Kwa India, ambako wagonjwa wetu wengi huelekea, ziko njia mbili. Ya kwanza ni ya mtandaoni: inadumu siku 60 tangu mgonjwa anapoingia mara ya kwanza, na anaweza kuingia mara tatu ndani ya muda huo. Ya pili huombwa Ubalozi wa India, Dar es Salaam, nayo inaweza kufika mwaka mmoja kulingana na matibabu. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji mfupi na kurudi, ya mtandaoni inamtosha. Anayekwenda kupandikizwa figo, au kupigwa dawa za saratani kwa mizunguko, asijibane na siku 60. Aende ubalozini.

Kijana wa steshenari Mwanjelwa ametuambia ya utalii ni rahisi, tukifika kule tutabadilisha. Ni kweli?

Hapana.

Naomba mlisome tena jibu hilo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoangamia. Viza ya utalii ya mtandaoni ya siku 30 haiongezwi muda wala haigeuzwi kuwa ya aina nyingine. Hakuna dirisha pale hospitalini unapoikabidhi ya utalii ukapewa ya matibabu. Kijana wa steshenari anajua kujaza fomu, na simlaumu kwa hilo, lakini si yeye atakayekaa na mgonjwa siku ya ishirini na nane akihesabu saa.

Nilimhudumia baba mmoja wa Rungwe. Figo zake zilikuwa zimekwisha kwa shinikizo la damu, na mdogo wake alikubali kumpa moja. Waliuza ng'ombe, wakauza na kiwanja, wakaondoka wote kwa viza ya utalii kwa sababu ilitoka haraka. Huko waliambiwa kwamba kwa viza ile hapandikizwi mtu. Akawa anasafishwa damu tu, mara tatu kwa wiki, kwa bei ya mgeni, familia ikihangaika kutafuta mtu wa kuwasaidia. Siku zikaisha. Alirudi kwangu miguu imejaa maji, hawezi kulala bila kuegemezwa mito mitatu, na fedha ya upasuaji ilikuwa imeliwa na hoteli na nauli. Hakuwa amekosa mchangiaji, hakuwa amekosa fedha. Alikosa viza sahihi.

Lakini shemeji yangu alikwenda kutembea India, akaugua, akatibiwa bila shida.

Ni kweli, na ndiyo habari inayowapoteza wengi. Sheria za India zinamruhusu mgeni aliyeugua akiwa ndani ya nchi atibiwe, hata alazwe, bila kubadilisha viza. Shemeji yako aliondoka mzima. Mgonjwa wako anaondoka na mrija shingoni na faili la kurasa sitini. Hao wawili hawafanani, na afisa wa uhamiaji analiona hilo kabla hajafungua pasipoti.

Na upandikizaji wa kiungo haumo kabisa katika msamaha huo. Figo au ini: viza ya matibabu tu. Hakuna shemeji atakayebadilisha hilo.

Tukiandika kwamba ni mgonjwa, si watamnyima?

Hapana! Viza hii imewekwa kwa ajili ya wagonjwa. Ugonjwa ndio sababu ya kumpa. Linaloharibu ni kuandika "matembezi" halafu uwanja wa ndege ashuke kwenye kiti cha magurudumu, begi limejaa picha za CT. Akirudishwa pale, nauli imepotea, na ombi lijalo litaangaliwa kwa shaka. Mnamficha nani? Mgonjwa anayetafuta tiba hana cha kuficha.

Sawa, Sista. Basi tuanzie wapi?

Muanze kwa daktari wake, kwa swali hili: tiba hii hapa nchini haipo? Nalisisitiza kwa sababu nimeshasindikiza watu wanaokwenda maili elfu kufuata kitu kilichoko Dar es Salaam. Figo zinapandikizwa Muhimbili tangu 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata 2018. Upasuaji mwingi wa moyo uliokuwa ukipelekwa nje unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Basi la Dodoma halihitaji viza.

Akishasema mnahitaji nje, fuateni pasipoti siku hiyo hiyo. Msisubiri michango itimie. Hili linaniuma: kamati inakaa miezi mitano, kundi la simu linatangaza kila jioni nani ametoa ngapi, na katika miezi yote mitano hakuna aliyepita Uhamiaji. Fedha inatimia Ijumaa, Jumatatu ndiyo wanagundua mama hana kitambulisho cha taifa wala cheti cha kuzaliwa. Kwa kupaniki, wanakimbilia viza yoyote itakayotoka upesi, yaani ya utalii. Pasipoti ni shilingi 150,000 na inadumu miaka kumi. Mgonjwa mwenye pasipoti anaweza kungoja fedha, lakini fedha bila pasipoti inaliwa.

Aliyenayo tayari aiangalie: iwe na uhai usiopungua miezi sita na kurasa mbili tupu.

Hapo daktari aandike ripoti, itumwe hospitali ya India mliyochagua, nao wajibu kwa barua yenye nembo yao. Barua hiyo ndiyo moyo wa ombi. Isomeni kabla hamjaondoka kwenye kompyuta: jina la mgonjwa, namba ya pasipoti, ugonjwa, matibabu, muda unaotarajiwa, na majina ya wasindikizaji. Majina yalingane herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu ni Hezekia kwenye faili, Ezekia kwenye kitambulisho, na kanisani anaitwa jina lingine kabisa. Rekebisheni hapa, ambako mnaelewana na karani, msingoje mkarekebishie Chennai, kule India.

Ombi la mtandaoni lipelekwe angalau siku nne kabla ya kufika, na linaweza kupelekwa hadi siku 120 kabla. Siku nne ni kikomo cha chini, si ratiba ya kujipangia. Tumieni tovuti ya serikali ya India yenyewe, anwani yake inaishia na gov.in, ziko nyingine zinazofanana nayo za watu wanaotoza juu. Ada ikishalipwa hairudi hata ombi likikataliwa. Na kabla hamjabonyeza kutuma, mwambieni anayewajazia awasomee kwa sauti sehemu ya aina ya viza. Kwa sauti.

Nani amsindikize?

Wasindikizaji wana viza yao, inayofungamana na ya mgonjwa, na muda wake unakwenda na wa mgonjwa. Kwa mtandao, mgonjwa mmoja anapewa wasindikizaji wawili tu, nao wawe ndugu wa familia. Kwenye fomu zao watatakiwa taarifa za viza au ombi la mgonjwa, hivyo la mgonjwa litangulie.

Wawili hao msiwachague kwa heshima. Mjomba mkubwa apewe heshima yake hapa nyumbani. Aende mwenye nguvu za kumnyanyua mgonjwa usiku, anayeelewana na madaktari kwa Kiingereza, na ambaye familia imeshakubali kwamba akisaini, amesaini. Nimeona upasuaji ukichelewa kwa sababu aliyekuwepo alisema lazima kwanza ukoo ukae Tukuyu.

Mchangiaji figo naye anahitaji nini?

Anahitaji zaidi ya nia njema. India ina sheria ya upandikizaji wa viungo tangu 1994, na kwa wageni ubalozi wa nchi yao kule unatakiwa kuthibitisha undugu wa mgonjwa na mchangiaji. Kwetu ni Ubalozi wa Tanzania ulioko New Delhi. Hawawezi kuthibitisha kwa kuangalia sura. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, vinavyoonyesha wazazi wale wale, na kwa mke na mume cheti cha ndoa. Kwa wazee wetu waliozaliwa kijijini bila cheti, anzeni mapema RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo. Ombeni pia hospitali imtaje mchangiaji kwa jina katika barua yake, na aingie kwa viza itakayoelezwa humo, asijipenyeze kama mtalii.

Anayewaambia kwamba figo itanunuliwa kule kule, mfungieni mlango. Ni kosa la jinai.

Tukienda nchi nyingine?

Kenya, Mtanzania haombi viza. Uingereza anayekwenda kujilipia matibabu binafsi anaomba ya mgeni kwa ajili ya matibabu, inayoweza kufika miezi 11, na akikaa zaidi ya miezi sita anatakiwa kipimo cha kifua kikuu. Marekani hutumia kundi moja, B-2, kwa utalii na matibabu pamoja, ila tangu Januari 2026 ilisitishwa kwa Watanzania wengi; na hata ikiwa wazi unatamka bayana kwamba unakwenda kutibiwa, ukiwa na barua ya daktari wa hapa na ya hospitali ya kule inayotaja gharama. Masharti hubadilika, kwa hiyo someni tangazo la ubalozi kabla ya kulipa.

Safari yenyewe, tuangalie nini?

Msimtoe Mbeya kwa basi usiku, zaidi ya kilometa 800, ashuke Dar es Salaam na kupanda ndege asubuhi ile ile. Anayesafishwa damu asafishwe siku moja kabla ya kuruka, na mwombeni daktari cheti cha kufaa kusafiri kwa ndege, maana shirika la ndege linaweza kumkataa mlangoni. Dawa zikae kwenye paketi zake, ndani ya begi la mkononi. Wa saratani waombe maabara vile vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta, si karatasi ya majibu peke yake. Bila hivyo atachomwa tena kutolewa kipande kingine.

Kadi ya njano: chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu 2016 inatambuliwa maisha yote. Ila ni chanjo hai, yaani yenye kirusi kilichodhoofishwa. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, au anayetumia dawa za kushusha kinga, asichomwe kabla daktari wake hajaamua. Ikibidi ataandikiwa barua ya msamaha.

Na zile chupa za unga wa mizizi, ziacheni. Nazikuta chini ya mito. Nyingine ndizo zilizomaliza figo.

Ndugu yetu yuko kule tayari kwa viza ya utalii, zimebaki siku tisa. Tufanyeje?

Wasindikizaji waende leo kwenye idara ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali aliko, waseme ukweli wote: aliingia kwa viza gani na inaisha lini. Hospitali inajua kuandika kwa ofisi ya usajili wa wageni, FRRO, ambayo hupokea maombi kwa mtandao. Kama hali yake ni ya dharura, barua ya daktari anayemtibu iseme hivyo kwa maneno yake. Kama si ya dharura na wameambiwa hapandikizwi, arudi ndani ya siku zake akiwa na rekodi zake zote, tuombe upya kwa njia sahihi, huku sisi tukiendelea kumsafisha damu. Asipitishe hata siku moja: akipitisha, hataondoka mpaka apewe kibali cha kutoka, pamoja na faini, na siku za kungoja kibali nazo atazilipia dialisisi.

Simu ipigwe sasa hivi. Kikao cha familia kitafuata jioni.