Fedha mbichi: maana yake katika halmashauri, na kwa nini shilingi lazima ipite benki kwanza

Katika halmashauri za Tanzania Bara, fedha mbichi ni mapato yaliyokusanywa na kutumiwa kabla hayajaingia benki. Mkusanyaji yuko getini, malori yamelipa ushuru, noti ziko mfukoni. Anapigiwa simu: gari la halmashauri limeishiwa mafuta. Anatoa laki mbili, na zinazobaki anazipeleka benki kesho yake. Zile laki mbili ni fedha mbichi, hata kama zimenunua mafuta kweli na hata kama gari lilikuwa linawahisha mgonjwa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani fedha mbichi ni jina la kistaarabu la wizi, kumbe ni makosa mawili tofauti. Mwizi ametia fedha mfukoni mwake. Aliyetumia fedha mbichi huenda hakuchukua hata senti, ila ameivusha fedha ya umma nje ya njia ambayo ingeiruhusu ihesabiwe, iidhinishwe na ikaguliwe. Na kwa kuwa matumizi ya namna hiyo hayana karatasi inayoaminika, mwizi hujificha humohumo: laki mbili za mafuta husemwa zilikuwa tatu, na hakuna wa kubisha.

Kanuni yenyewe ni fupi. Memoranda ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inataka makusanyo yote yapelekwe benki yakiwa kamili, siku ileile au siku ya kazi inayofuata. Neno lenye uzito hapo ni “kamili”. Mkusanyaji hana mamlaka ya kupunguza chochote njiani, na mkuu wake hana mamlaka ya kumwagiza apunguze.

Fedha zinazohusika hasa ni mapato ya ndani, yaani yale ambayo halmashauri inayakusanya yenyewe, tofauti na ruzuku inayotoka Serikali Kuu. Yamo ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni za biashara, ada za masoko, minada, stendi na machinjio, vibali vya ujenzi na kadhalika. Hatari si sawa kwa vyanzo vyote. Kampuni inayolipa ushuru wa huduma hulipa kupitia benki, kwa hiyo fedha yake haigusi mkono wa mtu. Ushuru wa mazao, magulio na minada ya mifugo ndiyo makazi ya fedha mbichi, kwa sababu mlipaji ana noti, yuko njiani, na anataka kuondoka.

Chukua ushuru wa mazao. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Lori lenye tani 10 za mahindi, kilo ikiwa Sh 600, lina mzigo wa Sh 6,000,000. Ushuru wake ni Sh 120,000. Malori 20 kwa siku ni Sh 2,400,000 zilizo mkononi mwa mtu mmoja, pengine kijana wa mkataba wa muda mfupi, kilomita nyingi kutoka benki.

Zamani mtu huyo alikuwa na kitabu cha stakabadhi kinachoitwa HW5. Kitabu kikipotea, na vilipotea vingi, hakuna aliyeweza kusema ndani yake kulikuwa na shilingi ngapi. Leo ana mashine ya kutolea risiti, POS, iliyosajiliwa kwa jina lake. Kila risiti anayotoa inaingia kwenye mfumo wa mapato kama deni lake kwa halmashauri. Jioni anajumlisha makusanyo, anatengenezewa namba ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, na kwa namba hiyo analipa benki au kwa wakala. Akilipa chote, deni linafutika. Akilipa pungufu, tofauti inabaki kwenye jina lake. Ndiyo maana taarifa ya wadaiwa wa POS ni mahali pa kwanza pa kutafutia fedha mbichi: mkusanyaji mwenye deni la milioni kadhaa lililokaa miezi ama amezila, ama amezitoa kwa maagizo ya mtu ambaye hataki jina lake liandikwe.

Mashine haikumaliza tatizo, na sababu zinafahamika. Ikiwa nje ya mtandao inaendelea kutoa risiti, lakini mfumo hauoni kitu hadi irudi hewani, na mashine inayokaa kimya wiki nzima katika msimu wa mavuno inapaswa kumtia wasiwasi mweka hazina siku ya pili tu. Kuna pia marekebisho ya miamala: mtu mwenye ruhusa ndani ya mfumo anafuta au kupunguza kiasi kwa madai kwamba kilikosewa. Marekebisho halali yapo, ila kila moja linahitaji barua, sababu na saini ya aliyeidhinisha. Na ipo njia kongwe isiyohitaji ujuzi wowote, ya kupokea fedha bila kutoa risiti. Hiyo mashine haiwezi kuizuia. Anayeweza ni mlipaji.

Swali la haki ambalo watendaji wa kata huliuliza ni hili: kama fedha imefanya kazi ya halmashauri, hasara iko wapi? Iko sehemu tatu, na zote zinahesabika.

Ya kwanza ni migawo ya kisheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hesabu hiyo inafanywa baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yale yenye kazi maalumu kama michango ya huduma za afya, na inafanywa juu ya kilichoingia benki. Katika zile Sh 2,400,000 za geti letu, vikundi vingepata Sh 240,000. Zikitolewa Sh 700,000 mbichi, benki inaona Sh 1,700,000 na vikundi vinapata Sh 170,000. Sh 70,000 zimetoweka bila mtu yeyote kupiga kura ya kuwanyima. Halmashauri iliyopangiwa kupeleka asilimia 40 kwenye miradi ya maendeleo, kwa siku hiyohiyo imeinyima miradi Sh 280,000. Zidisha kwa siku za msimu mzima wa mavuno, na utajua boma la darasa linakosaje bati.

Ya pili ni bajeti. Makisio ya halmashauri hayaandikwi ofisini usiku mmoja. Vipaumbele huanzia vijijini na mitaani, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, Timu ya Menejimenti na kamati inayosimamia fedha, ndipo Baraza la Madiwani huyapitisha, kabla hayajaenda mkoani, TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa), Hazina na hatimaye bungeni, ili yaanze kutumika tarehe 1 Julai. Kila shilingi ina kasma yake, yaani fungu la matumizi iliyopangiwa. Fedha mbichi haina kasma. Anayeitoa getini amejipa mamlaka ya Baraza zima, na mara nyingi anatoa kwa kilicho karibu: mafuta, posho, chakula cha wageni. Mwaka unapoisha, vitabu vinaonyesha kwamba geti lile “halikusanyi”, na lengo la mwaka unaofuata linashushwa kwa takwimu ya uongo.

Ya tatu ni ununuzi. Matumizi halali yanaanza na ombi la idara. Fungu linathibitishwa, ununuzi unapita kwenye mfumo wa NeST uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, mzigo unapokelewa na kukaguliwa, hati ya malipo inaandaliwa na fedha inatoka kupitia mfumo wa malipo wa Serikali, MUSE. Njiani humo kodi ya zuio inakatwa na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, inadaiwa. Mafuta yaliyolipiwa kwa noti za getini yameruka hatua zote hizo. Bei hakuna aliyeilinganisha, na lita hakuna aliyezipima.

Sitaki kuwalaumu wakusanyaji peke yao. Mara nyingi shinikizo hutoka juu: mkuu wa idara mwenye dharura ya kweli na kasma isiyo na fedha, kwa sababu ruzuku ya matumizi ya kawaida haijafika. Dawa ya dharura ipo na inaitwa masurufu. Mtumishi anaomba kiasi kwa kazi maalumu, kinaidhinishwa, kinatoka benki kwa jina lake, na baada ya kazi anarejesha kwa kuleta risiti na chenji. Halmashauri inayojua kwamba gari la wagonjwa litahitaji mafuta usiku huweka mkataba na kituo cha mafuta mapema, au hutenga masurufu madogo yenye mtunzaji. Isiyofanya hivyo inamsukuma mkusanyaji kwenye kosa, kisha inamkamata yeye.

Dhana hii haiishii getini. Zahanati inayopokea malipo ya papo kwa papo na kununua glavu kwa fedha ya siku hiyo imetumia fedha mbichi, ingawa glavu zinaonekana kabatini. Vituo vya afya na shule sasa vina akaunti zao, na mwaka 2017 vilianza kuandikia hesabu zao kwenye mfumo wa hesabu za vituo uitwao FFARS. Fedha inaingia benki, kisha inaombwa. Kwa majirani, Kenya ililiandika jambo hilohilo ndani ya Katiba: Kifungu cha 207 kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na hayatoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Hospitali zililalamika kwamba fedha zao zinazama huko huku wagonjwa wakisubiri, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria inayoziruhusu kubaki na mapato yao na kuyatumia. Tofauti ni kubwa: hospitali ile inatumia fedha yake kwa ruhusa ya sheria, kwa bajeti na kwa hesabu zinazokaguliwa, si kwa simu ya mtu.

Diwani akitaka kujua hali ya halmashauri yake, taarifa moja haimtoshi. Adai tatu kwa kipindi kilekile, na azilaze mezani pamoja: makusanyo kwa kila mashine, taarifa ya benki ya akaunti ya makusanyo, na orodha ya marekebisho ya miamala. Jumla ya kwanza ikizidi ya pili, aulize tofauti iko kwa nani, kwa jina. Aangalie na tarehe. Fedha ya Jumatatu iliyoingia benki Ijumaa ya wiki ya pili ilikuwa mahali fulani siku zote hizo, mara nyingi ikizungushwa kwenye biashara ya mtu. Halafu aulize mashine ngapi zimesajiliwa na ngapi zilitoa risiti mwezi huo.

Kwa mwenye lori au mama wa gengeni, kazi ni nyepesi zaidi: asiondoke bila risiti ya mashine, asome kama kiasi kilichoandikwa ndicho alichotoa, na asitume ushuru kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hata akiambiwa mtandao uko chini. Akitaka kulipa kwa simu, aombe kontroo namba, maana fedha iliyolipwa kwa namba hiyo inaingia serikalini moja kwa moja bila kupita mkononi mwa mkusanyaji.