Kenge Kafia Bwawani: Usikimbilie Kumwaga Maji

Asubuhi moja nilipigiwa simu kutoka Kaole, hapa Bagamoyo. "Bwana afya, kenge kafia kwenye bwawa la kuogelea la wanangu. Fundi anataka kumwaga maji yote. Nimwache?" Nikamwambia amzuie mpaka nifike.

Nilikuta kenge ameshaopolewa, amelazwa chini ya mnazi, na maji maangavu hadi vigae vya chini vinahesabika. Nikachota kidogo kwenye kichupa, nikatia kidonge cha kupimia klorini. Klorini ikiwepo, maji hugeuka ya waridi. Haya hayakugeuka hata chembe. Maana yake bwawa halikuwa na dawa, na watoto walikuwa wameogelea humo jana yake. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko kenge.

Mzoga wa kenge, chura, ndege au panya hauhitaji bwawa kukaushwa. Toa watu majini, vaa glovu, opoa kwa wavu, kisha uzike au ufunge kwenye mifuko miwili ya taka. Hakikisha klorini haipungui miligramu 2 kwa lita na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, haizidi 7.5, pampu ikizunguka, kwa nusu saa. Wavu nao uache humo humo majini utakate.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mafundi wengi humimina kwa kukadiria. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kunataka gramu 96 za klorini halisi, yaani kama gramu 150 za klorini ya unga ya asilimia 65. Unga ndio utiwe kwenye ndoo ya maji. Usimwagie maji juu ya unga. Na ukizidisha mno, kidonge nacho hudanganya: rangi ya waridi hufutika, ukadhani dawa haipo.

Ushauri wa kukausha bwawa mara nyingi hutoka Marekani, kuliko na mnyama aitwaye rakuni. Kinyesi chake huweza kuwa na mayai ya minyoo ambayo klorini haiyaui. Huku kwetu rakuni hayupo. Tena karibu na bahari, wakati wa masika maji ya ardhini yako juu. Ukikausha bwawa, yanaweza kulisukuma kutoka chini likapasuka. Sijataja bado bili ya maji.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni ndama wa jirani anayeharisha kandokando ya bwawa. Kinyesi chake huweza kubeba kriptosporidiamu, kijidudu kinachostahimili klorini ya kawaida kwa siku kadhaa. Hapo funga bwawa, pandisha klorini hadi miligramu 20 kwa lita, uiache hivyo kwa saa 12 na dakika 45. Asiingie mtu mpaka ishuke.

Panya mkojo wake huleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Vimelea vyake hufa upesi kwenye maji yenye klorini, ila kwenye bwawa lisilo na dawa huweza kuishi. Popo usimshike kwa mkono mtupu, hata akionekana amekufa. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Usisubiri dalili.

Wanyama wengi hufia bwawani kwa kukosa pa kupandia. Pale Kaole tuliegemeza ubao wenye mistari ya kukwaruza kwenye kona ya kina kifupi. Niliporudi baada ya wiki, chura mmoja alikuwa juu yake anaota jua, na fundi ameinama na kichupa chake, maji ndani yake ya waridi.